Nani mkali, nani kakopi: maswali yenu kuhusu muziki wa filamu

Wiki iliyopita nilisema muziki wa filamu usihukumiwe kwa hedifoni peke yake, lazima uusikie ukiwa na picha yake, na hapo ndo moto ukawaka. Maswali yamekuja mengi, mengine ya ugomvi kabisa. Nimechukua haya, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kaka tumalize hili leo: watunzi John Williams na Hans Zimmer, nani mkali? Sisi tumebishana siku mbili.

Jina nitalitaja, ila kwanza tuelewane tunapima nini. Wengi mnapima kwa tuzo, na kwa tuzo hamna mjadala, Williams ana Oscar tano na ameteuliwa mara 54, Zimmer anazo mbili, ya The Lion King na ya Dune. Sasa hapo mtu anasema imeisha. Haijaisha, maana hawa wawili hata namna yao ya kufanya kazi haifanani, Williams ni mtu wa penseli na karatasi na kinanda pembeni, kila fidla anajua itapiga noti gani, Zimmer katokea kwenye sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti, na kompyuta, yeye anaijenga sauti yenyewe kwanza kabla hata melodia haijaja, tena anafanya na timu kubwa.

Mashabiki wa Williams mnamwonea sana Zimmer mnaposema ni kelele tu. Kaangalieni Interstellar ya 2014. Pale kachukua ogani ya Temple Church kule London, kinanda kikubwa cha kanisani chenye mabomba, na ogani bila hewa haitoi kitu, inavuta pumzi kama mtu, alafu waza hiyo sauti ipo kwenye stori ya watu walioko angani ambako pumzi ndo kila kitu. Na kabla ya yote hayo mwongozaji Christopher Nolan alimpa karatasi moja tu yenye kisa cha mzazi na mtoto, hakumwambia kama ni muvi ya anga, akampa siku moja aandike. Zimmer akaandika kitu kidogo cha upole, na moyo wa muvi nzima ukatoka humo. Hizo si kelele jamani.

Lakini nikilazimishwa nachagua Williams, na sababu yangu ni Jaws ya 1975. Wote mnazijua zile noti mbili, zimekaa jirani kabisa, zinaanza pole pole kwenye besi na chelo, zile fidla kubwa za sauti nzito, alafu zinakaza mwendo. Alipompigia mwongozaji Steven Spielberg kwenye kinanda mara ya kwanza Spielberg alicheka akadhani anataniwa. Sasa papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila mara wakati wa kushuti, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya muvi humuoni papa, unasikia muziki na mwili wako unajua kaja. Alafu kuna ile sehemu watoto wawili wanatisha watu ufukweni kwa pezi la boksi, watu wanakanyagana kutoka majini, kelele kila kona... na muziki haupo! Noti hata moja hakuna. Yaani Williams kakwambia ukweli, papa hayupo, ila kwa zile kelele we hukusikia. Irudie ile sehemu uone. Mtunzi anayejua wapi asiweke muziki huyo ndo mkali wangu.

Kwanini muziki wa muvi kubwa za sa hivi unafanana wote? Nikifumba macho sijui naangalia ipi.

Swali hili nimeletewa na watu wengi kuliko yote na linaniuma, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Lawama mnampa mtunzi, lakini mara nyingi kosa linaanzia kwa mhariri na mwongozaji. Wakati wa kuhariri mtunzi huwa bado hajaandika kitu, na picha bila muziki inaonekana imekufa, kwa hiyo wanachukua muziki wa muvi nyingine wanauweka kwa muda tu ili waone mwendo unakaaje. Mwongozaji anaangalia hivo wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa tatu, mpaka sikio lake linauzoea na anaanza kuupenda. Siku mtunzi anakuja anaambiwa tengeneza kitu kama hiki, ila kisiwe hiki. Sasa afanye nini? Anasogea karibu kadri sheria inavyoruhusu. Na muvi yake ikitoka, mwingine anachukua ule muziki anauweka kwa muda kwenye ya kwake, na mzunguko unaendelea, kopi ya kopi ya kopi.

Mfano unaoumiza kuliko yote ni wa mtunzi Alex North. Mwongozaji Stanley Kubrick alimpa kazi ya 2001: A Space Odyssey, muvi ya 1968, North kaandika, karekodi dakika zaidi ya 40, kafanya kazi mpaka mwili ukaugua. Kaenda kuiangalia muvi New York, kakaa kwenye kiti anasubiri muziki wake, na hakusikia hata noti moja. Kubrick kabakiza muziki ule wa muda, wa Richard Strauss, Johann Strauss na Ligeti, na hakumwambia! Najua wengi mtasema Kubrick alikuwa sahihi kwa sababu ile muvi bila ule muziki hamuwezi kuiwaza, na kwa sikio hata mimi nakubali, lakini kumwacha mtu mzima agundue ndani ya ukumbi ni ukatili, sina neno lingine. Kazi ya North ilikuja kurekodiwa upya na Jerry Goldsmith, ikatoka 1993, wakati North mwenyewe alishafariki miaka miwili nyuma.

Na tuwe wakweli, hata vipenzi vyetu haviko mbali na hili. Sikiliza Kings Row ya 1942, kazi ya Korngold, alafu weka ufunguzi wa Star Wars ya Williams, utausikia undugu waziwazi. Tofauti ni kwamba Williams alimeza akayeyusha, ikatoka damu yake mwenyewe. Leo wengi hawapewi hata muda wa kuyeyusha.

Mtunzi akirudia melodia yake mwenyewe kwenye muvi nyingine, huo si wizi?

Kwangu sio wizi, ila waulizeni watu wa Oscar kuhusu mtunzi Nino Rota. The Godfather iliteuliwa kwenye muziki, alafu ikajulikana kwamba ile melodia yake ya mapenzi alishaitumia kwenye Fortunella ya 1958, pale iko haraka na ya kuchekesha, wakafuta uteuzi. Miaka miwili baadae The Godfather Part II yenye melodia ileile ikashinda, Rota akapewa tuzo pamoja na Carmine Coppola. Kwa hiyo 1973 ilikuwa kosa na 1975 ikawa halali.

Mimi naona hivi, melodia ikienda mwendo wa vichekesho ni kitu kimoja, ukiipunguza mwendo ukampa mtu apige tarumbeta taratibu peke yake inakuwa msiba. Noti zilezile, roho nyingine. Kazi ya kutunga ipo hapo pia.

Eti mtunzi lazima ajue kusoma noti?

Hapana. Mtunzi Vangelis hakuandika wala kusoma noti, na Chariots of Fire ikampa Oscar 1982. Ila ukitaka okestra ipige unachowaza, lazima awepo mtu wa kukuandikia, na huyo mtu mtajeni jina, msimfiche.

Samahani mkuu, naomba kujua mtunzi anaanza kazi kabla ya kushuti au baada?

Kawaida ni baada, muvi imeshahaririwa, anakaa na mwongozaji wanapanga kipande kianzie sekunde ipi kiishie wapi, alafu anapewa wiki chache. Ila nyingi ninazozipenda zilienda kinyume.

Joker ya 2019, mtunzi Hildur Guðnadóttir alipewa maandishi ya muvi mapema akaandika kwa chelo yake kabla kamera hazijawaka. Siku ya kushuti ile sehemu ya chooni, mwigizaji Joaquin Phoenix baada ya kuua alikuwa aingie afiche bunduki na mambo kama hayo, haikuwa inakaa sawa, mwongozaji Todd Phillips akamwekea kipande cha Hildur kilichokuwa kimefika karibuni, na jamaa akaanza kucheza. Taratibu, mguu, alafu mkono. Ile sehemu ikazaliwa pale na muziki ndo ulioizaa. Hildur akachukua Oscar 2020.

Na mzee Ennio Morricone, mtunzi, na mwongozaji Sergio Leone kwenye Once Upon a Time in the West, 1968, muziki ulikuwa tayari na Leone alikuwa anaupiga palepale kwenye seti, waigizaji wanatembea nao. Kuna sehemu mwigizaji Claudia Cardinale anashuka treni, hakuna aliyekuja kumpokea, anasubiri anachoka, anaingia ofisi ya stesheni. Kamera haiingii nae, inabaki nje inamwangalia kwa dirishani, alafu inaanza kupanda, inapita paa, na wakati huohuo sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inapanda, haina maneno, sauti tu, na mji mzima unafunguka mbele yako. Pale siwezi kukwambia kama kamera inafata sauti au sauti inafata kamera, na nimeiangalia mara nyingi mno.

The Lion King: Zimmer kachukua muziki wa Afrika kapata Oscar yeye. Mbona mnamsifia?

Hasira yako naielewa na sehemu yake ni halali. Ule mwito wa mwanzo kabisa, jua likichomoza, ni sauti ya mwimbaji Lebo M wa Soweto, Afrika Kusini, na yale maneno ni Kizulu, naona wengi bado wanasema ni Kiswahili, Kiswahili ni hakuna matata na wenzake. Lebo M na Zimmer walishafanya pamoja The Power of One ya 1992, kwa hiyo hakuokotwa, alikuwa mshirika, na zile kwaya ni mkono wake. Kosa naliona kwetu mashabiki, tukiitaja ile kazi tunataja jina moja. Anza kutaja mawili.

Kwa kulinganisha angalia Black Panther ya 2018. Mtunzi wake Ludwig Göransson ni Mswidi, alienda Senegal akaongozana na mwanamuziki Baaba Maal kwenye ziara yake, akasikiliza kwanza. Ile ngoma ya tama, ngoma inayosema, ndo ikawa sauti ya T'Challa, shujaa wa muvi, aliyeipiga ni Massamba Diop. Göransson alipata Oscar 2019 na kila alipohojiwa alieleza ametoa wapi. Hiyo ni adabu ya kazi.

Na kwa wanaouliza kuhusu wimbo wa Baba Yetu, hiyo si ya filamu, ni ya gemu, Civilization IV, mtunzi Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ilipata Grammy 2011, muziki wa gemu wa kwanza kuipata. Ningependa sana siku moja nisikie okestra nzima kwenye muvi kubwa ikiimbiwa kwa lugha yetu namna ile.

Muvi inaweza kukaa bila muziki kabisa?

Inaweza. The Birds ya mwongozaji Alfred Hitchcock, 1963, haina muziki wa kawaida, ni sauti za ndege zilizotengenezwa kwa mashine, na mtunzi Bernard Herrmann alikuwepo kama mshauri wa sauti. No Country for Old Men ya 2007 ina dakika kama 16 tu za muziki wa Carter Burwell na nyingi ziko kwenye majina ya mwisho.

Ila usidhani kimya ni bora kila mahali. Hitchcock huyohuyo kwenye Psycho, 1960, alitaka ile sehemu ya bafuni isiwe na muziki, Herrmann akaandika tu, fidla zinapiga kelele kama mtu anachomwa, okestra yote ni ala za nyuzi tupu. Hitchcock aliposikia akabadili mawazo.

Mi ni mgeni kwenye haya mambo, nianzie wapi?

Usianze na albamu mdogo wangu. Chukua sehemu moja fupi, dakika tatu zinatosha, iangalie kawaida. Alafu iangalie umezima sauti kabisa, uone nini kimeondoka, labda ni woga, labda ni huruma kwa mtu ambae picha peke yake haikufanyi umhurumie. Mara ya tatu usiangalie, sikiliza tu, na andika kwenye karatasi sekunde muziki unapoanza na unapokata. Utashangaa mara ngapi unaanza kabla mtu hajasema kitu, anapogeuza macho tu.

Anza na ile ya stesheni, ya Once Upon a Time in the West. Ukifika pale kamera inapovuka paa niandikie umesikia nini.