Kenchi zimepinda: kabla hujailaumu paini

Mkuu, umesema ulipaua mwezi wa pili hapa Tabora kwa paini zenye dawa, na sasa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimepinda, misumari ya bati imeinuka, na fundi anakwambia ungetumia mninga yasingekukuta. Nimeshika randa miaka ishirini na mitatu, mingi nikiwa Isevya, hapahapa Tabora. Usianze kuulilia mninga kabla hujajua kilichotokea.

Dawa ya zile mbao za kijani huchanganywa na maji, ikasukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo. Hata kama zilikuwa kavu, hutoka zimelowa chepechepe. Muuzaji akisema "hizi zina dawa" anasema kweli: mchwa hawazitaki na zinachelewa kuoza. Hajasema zimekauka. Ukizipigilia hivyo zinakuja kukaukia juu, chini ya bati la moto, upande mmoja ukitangulia mwingine. Mbao inajikunja, inakonda, na msumari ulioingia kwa kubanwa unabaki umelegea. (Vipande vilivyobaki usiruhusu vipikiwe. Dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.)

Mninga mbichi nao ungekusumbua. Mwaka 2009 nilimtengenezea mzee mmoja mlango wa paneli kwa mninga uliotoka msituni wiki mbili tu, mvua za Machi zikiwa bado zinapiga. Maseremala wa huku wote tunausifia mninga kwamba hauchezi, na kweli, ukishakauka hauchezi. Nikazibana paneli kwenye fremu kwa gundi na misumari. Mwezi wa tisa mzee akaniita. Hakugomba, alizima tu taa ya nje, akawasha ya sebuleni, akaniambia, "Angalia mwenyewe, fundi." Paneli ya chini ilikuwa imepasuka juu mpaka chini, mwanga unapita. Niliurudia mlango wote kwa hela yangu.

Mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Ukiifunga paneli pande zote mbili, ikitaka kusinyaa itapasuka. Siku hizi naitengenezea mfereji kwenye fremu, naiacha icheze humo bila gundi. Na kwenye mninga natumia kiini tu. Ule mti mweupe wa nje ni chakula cha bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao.

Kujua kama mbao imekauka sitegemei kuigonga wala kuinusa. Nachagua vipande viwili katikati ya lundo, navipa namba, na kila Jumamosi nakwenda navyo kwenye mzani wa duka la nafaka. Kipande cha paini cha inchi mbili kwa nne, urefu futi tatu, kiliwahi kuanza na kilo 3.2. Wiki ya saba kilikuwa na kilo 2.3, wiki ya nane vilevile. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, naanza kazi. Huo ulikuwa mwezi wa saba. Masika ningesubiri sana. Lundo lenyewe liwe kivulini, juu ya matofali, kila safu itengwe kwa fito za inchi moja zilizopangwa sawasawa juu ya fito za safu ya chini yake, na ncha za mbao zipakwe rangi zisikauke mbio zikapasuka. Juu weka mawe mazito.

Paa lako usiliguse sasa, acha likauke lote. Mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, panda asubuhi bati likiwa la baridi. Misumari iliyoinuka usiigonge irudi, maana tundu limeshapanuka. Ing'oe, uweke mirefu na minene zaidi kwenye tundu lilelile, pamoja na mpira mpya chini ya kichwa cha msumari. Kenchi iliyopinda usiilazimishe inyooke. Ipachike mbao kavu ubavuni, iliyonyooka, ndiyo ibebe papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Ukikuta iliyopasuka kwenye maungio, hiyo itoe uweke nyingine.