Kwa nini wasichana wa softiboli wajengewe uwanja wao?

SWALI: Mama Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Ninasoma chuo kikuu hapa Lubumbashi na ninakaa Kamalondo. Nimesikia kwamba wasichana wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, wamejengewa uwanja wa softiboli wenye viti 4,200. Kwa nini wasitumie uwanja wa besiboli wa kaka zao? Nasi tukitaka kuujaribu mchezo huu, tutauchezea wapi?

JIBU: Mwanangu, wewe unayekaa jirani na uwanja wa TP Mazembe umezoea kandanda, ambayo wanawake na wanaume huicheza katika uwanja wa vipimo vilevile, wanawake wa klabu hiyo walipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2024 hawakuhitaji nyasi za namna ya peke yake. Softiboli, jamaa ya besiboli, haiko hivyo. Katika michezo yote miwili mrushaji humrushia mpigaji mpira, naye akiupiga kwa gongo hukimbia kupitia vituo vinne vilivyopangwa kwa mraba. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 18.29, ilhali katika besiboli ni mita 27.43. Mrushaji wa besiboli husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, lakini wa softiboli husimama chini, pakiwa tambarare, mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, na hurusha mpira kwa kuuzungusha mkono na kuuachia usawa wa nyonga. Usidhani kwamba ni mchezo wa upole: mrushaji hodari hufikisha mpira kwa mpigaji katika muda usiofika nusu sekunde. Tena eneo lote linalozunguka vituo huwa udongo mtupu, bila nyasi. Ukiwapeleka wasichana kwenye uwanja wa besiboli, itabidi kilima kiondolewe, nyasi zing'olewe na uzio usogezwe, kisha kesho yake kila kitu kirudishwe.

Hilo ni jibu la vipimo. Jibu la pili ni la sheria, kwa kuwa tangu mwaka 1972 shule na vyuo vya Marekani vinavyopokea fedha za serikali kuu vimekatazwa kubagua watu kwa jinsia, michezoni pia.

Hata hivyo, usifikiri kwamba uwanja ulitangulia ushindi. Kocha Patty Gasso alipoanza kuifundisha timu ya softiboli ya Oklahoma katika miaka ya 1990, ilikuwa ikichezea katika bustani ya umma ya mji wa Norman, kilipo chuo hicho. Ilipata uwanja wake mwaka 1998, ikatwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na ikaendelea kushinda hapo hapo, penye viti visivyofika 1,500. Love's Field, uwanja uliousikia, ulifunguliwa mwaka 2024, timu ikiwa imeshatwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Mwaka huohuo ikaongeza wa nne. Kwa maoni yangu, huo ndio mpangilio unaofaa, ingawa najua wenye kupenda kukata utepe hawataniunga mkono.

Sasa tuje kwenu. Uzio wa softiboli ya vyuo unaweza kuwa mita 58 tu kutoka kwa mpigaji, kwa hiyo mkiweka kituo cha mpigaji kwenye kona ya uwanja wa kandanda, mchezo wote utaingia humo. Ila sikushauri mchimbue nyasi za watu. Kiwanja cha udongo mwekundu, ambao hapa kwetu haukosekani, kinafaa zaidi, mradi mkisawazishe na kuokota kila kokoto, maana mchezaji hufika kituoni kwa kuteleza kwa paja. Chukueni kamba na vigingi, mpime mraba wenye pande za mita 18.29, kisha mpime kutoka kituo cha mpigaji hadi kituo cha pili kilicho mkabala nacho. Kamba ikisoma mita 25.86, mwageni chokaa. Isiposoma hivyo, mraba wenu umepinda, ng'oeni vigingi muanze upya.