Baba mdogo anasema korona haikuwepo: tunajibu maswali yenu

SWALI: Shikamooni. Baba yangu mdogo ni dereva wa watalii hapa Arusha. Mtu akikohoa tu kwenye ukoo, anaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba korona ulikuwa uongo wa mabeberu, na ushahidi wake ni lile papai lililopimwa likakutwa na virusi. Nikimjibu anasema nimemkosea adabu. Nifanyeje? (N. M., Kijenge)

JIBU: Marahaba. Kwanza, acha kumjibu mbele ya ukoo. Mtu mzima aliyesahihishwa mbele ya watoto na wakwe hawezi kurudi nyuma bila kuaibika, kwa hiyo atakaza zaidi. Mfuate nyumbani, na mkikaa usianze na papai. Anza na kazi yake. Watalii waliokuja nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi kama 620,000, na madereva wa Arusha waliumia kweli kweli. Wapo wengi wanaosema "haikuwepo" huku kinachowachoma ni kazi iliyopotea bila mtu kuwafuta machozi. Hilo mkubalie, maana ni kweli.

Akishatulia, ingieni kwenye papai. Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vinginevyo zilipelekwa maabara zikiwa zimepewa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu chanya. Sasa, kipimo cha PCR, ndicho kilichotumika kupima korona, kinatafuta kipande cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mara mbili kwa kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kimekuwa takribani bilioni 1. Ndiyo maana kinanasa virusi hata vikiwa vichache sana, na ndiyo maana uchafu kidogo tu unakiharibu: glavu iliyogusa kichupa cha mgonjwa, au tone lililoruka kifuniko kilipofunguliwa. Maabara hujilinda kwa kupima sampuli ya maji matupu pamoja na kila mkupuo. Maji yakitoa chanya, majibu ya mkupuo mzima hayatumiki na kazi inarudiwa. Baadhi ya vipimo hutafuta pia kinasaba cha binadamu, ili kujua kama kijiti kiliingia kweli puani mwa mtu. Papai halina kinasaba hicho.

Kwa hiyo papai chanya ni sababu nzuri ya kukagua uchukuaji wa sampuli na maabara yenyewe. Lakini mzani wa dukani ukiharibika, sukari haijaacha kuwepo. Vinasaba vya kirusi hiki vilisomwa na kuchapishwa Januari 2020, na maabara za nchi zisizoelewana kwa lolote zikakiona kilekile.

Kama kinachomshika baba mdogo ni mapenzi yake kwa hayati Rais, usimlazimishe achague. Mkumbushe kwamba Februari 2021 Rais huyohuyo aliwahimiza wananchi kuchukua tahadhari, na akapendekeza barakoa zinazotengenezwa hapa nchini.

Mkishazungumza, kwenye grupu andika mara moja tu, kwa ajili ya wale wanaosoma kimya kimya. Ukweli utangulie, uvumi utaje mara moja, tena kwa ufupi, maana unaorudiwa rudiwa ndio unaoganda kichwani. Kwa mfano: "Shikamooni wazazi. Korona ilikuwepo na bado ipo. Mgonjwa wa kwanza nchini alipatikana hapa hapa Arusha, akatangazwa tarehe 16 Machi 2020. Habari ya papai inaonyesha kwamba upimaji unaweza kukosewa, basi. Mzee yeyote akikohoa huku anahema, tumpime oksijeni." Ukishatuma, usiendeleze mabishano.

SWALI: Kama ilikuwepo, mbona hatukufa kama Wazungu? (Fundi cherehani, Majengo, Moshi)

JIBU: Swali zuri, na wanaolijibu kwa kukuza mambo wanajiharibia wenyewe. Yale maafa ya mamilioni ya vifo yaliyotabiriwa kwa Afrika hayakutokea kwa kiasi kile, na hilo tuliseme wazi. Sababu kubwa ni umri. Korona iliua zaidi wazee. Italia wakati huo, karibu watu 23 katika kila 100 walikuwa na miaka 65 na kuendelea. Tanzania walikuwa kama 3 tu.

Lakini pia hatukuhesabu. Takwimu za taifa zilisimama mapema Mei 2020 zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena hadi mwaka uliofuata. Vifo vingi nchini hutokea nyumbani na havisajiliwi, na misibani tulisikia "nimonia" au "changamoto ya upumuaji". Daftari ambalo halikuandikwa haliwezi kuwa ushahidi wa upande wowote.

SWALI: Mchungaji wetu alisema chanjo ya korona ina chipu na inaleta ugumba. (Dada wa Ngarenaro)

JIBU: Chanjo ya kwanza kutolewa hapa, Julai 2021, ilikuwa ya Johnson & Johnson. Dozi yake ni nusu mililita, na haina chipu. Ugumba haukuthibitika. Madhara ya kweli yapo, nayo usiyafiche: chanjo hiyo ilihusishwa na kuganda kwa damu, kwa watu wachache mno, hasa wanawake wenye umri chini ya miaka 50. Ukimficha mtu hilo, siku akilisikia kwingine hatakuamini tena kwa lolote.

SWALI: Mama mkwe anakohoa siku ya tano. Anasema ni mafua tu, anajifukiza nyungu na hataki hospitali. Mume wangu anaogopa kumpinga. (Mama wa Pasua)

JIBU: Msibishane juu ya jina la ugonjwa. Aendelee kuuita mafua. Ninyi pimeni pumzi yake. Tafuteni kipima oksijeni cha kidoleni. Futeni rangi ya kucha, na kama ana hina tumieni kidole kisichopakwa. Akae dakika 5 bila kuongea, mikono iwe na joto, kidole kitulie mpaka namba iache kurukaruka, kama dakika 1. Andikeni asubuhi, mchana na jioni.

Namba 95 na kuendelea ni salama. Ikibaki kati ya 90 na 94, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni hospitali sasa hivi, hata kama anaongea na kucheka, kwa sababu katika korona oksijeni inaweza kushuka mgonjwa asihisi. Ngozi nyeusi wakati mwingine hukidanganya kifaa kikaonyesha namba ya juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo mhesabieni pumzi pia kwa dakika nzima bila yeye kujua: zikizidi 30, au midomo ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, msisubiri namba.

Nyungu inafungua pua, haiui kirusi. Joto la kukiua lingemuunguza koo kwanza. Kama hawezi kuiacha, sufuria iepuliwe na kuwekwa sakafuni, isiwekwe kwenye kigoda. Watoto wasiingie chini ya blanketi, na jiko la mkaa libaki nje, maana hewa yake ya sumu ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Asijifukize kabisa akiwa anahema.

Kumwambia, apelekwe mtu anayemsikiliza: dada yake, au mzee wa jumuiya. Amwonyeshe karatasi ya namba na aseme, "Mama, jana ilikuwa 94, leo ni 91. Twende wakakuongezee hewa." Karatasi hiyo mwende nayo, pamoja na dawa zote anazotumia za presha au sukari.