"Mama, hawa ni waoga?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa miaka minane aliona picha ya vijana wa Marekani wamekaa kwenye kaunta ya kulia chakula, huku Wazungu wamewazunguka wanawamwagia sukari na tomato kichwani. Akaniuliza, "Mama, mbona hawarudishi? Ni waoga?" Nikakosa la kumjibu.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa unavyoieleza, hiyo ni picha ya Jackson, Mississippi, ya Mei 1963. Miaka yangu ya mwanzo darasani niliwaambia watoto kwamba wale walikuwa "watu wapole". Nilikosea. Mtoto ukimwambia upole, yeye anasikia woga.

Mwambie vijana wa harakati hizo za kupinga ubaguzi walifanya mazoezi. Kwa mfano, mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, kuanzia 1959, mchungaji James Lawson aliwakusanya wanafunzi akawafundisha. Wengine walijifanya wabaguzi: wakawatukana wenzao, wakawasukuma, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, ili kila mmoja ajijue atavumilia vipi siku yenyewe. Walipoanza kukaa kwenye kaunta, Februari 1960, walikuwa na masharti yaliyoandikwa: usirudishe pigo wala tusi, keti wima, elekea kaunta wakati wote. Mtoto wa miaka minane anayaelewa hayo vizuri kabisa.

Mweleze na dhuluma yenyewe, maana bila hiyo picha haina maana. Duka lilipokea pesa ya Mtu Mweusi akinunua dawa ya meno, lakini akikaa kuagiza kahawa, anafukuzwa. Ndiyo maana Weusi wa Nashville waliacha pia kununua katika maduka ya katikati ya mji. Mei mwaka huohuo, kaunta zikaanza kuwahudumia.

Picha za mbwa wa polisi wakiwashambulia waandamanaji Weusi mjini Birmingham, Alabama, zingoje akue kidogo. Na tafadhali, usimchezeshe mchezo wa mbaguzi na mbaguliwa. Niliwahi kuwagawa wanafunzi hivyo. Mtoto mmoja alilia kipindi kizima, na sikurudia tena.

Badala yake, mwambie akae wima dakika tano, asicheke wala asikujibu, wewe ukifanya kila vituko kumchekesha. Atashindwa. Hapo mwambie kwamba wale wa Jackson walikaa kwa takriban saa tatu, na waliowazunguka hawakuwa wanawachekesha. Kisha mrudishie swali lake: hawa ni waoga?