Chanjo ya mRNA haikumbadilisha mama vinasaba

Dada wa Ujiji, unauliza kama chanjo ya UVIKO-19 ya mRNA (maelekezo ya kutengeneza protini) aliyochomwa mama imembadilisha vinasaba, kama wanavyodai pale mwaloni Kibirizi. Hapana, ondoa hofu. Chanjo ya homa ya ini B huingiza protini ya kirusi ikiwa tayari imetengenezwa. Hii ya mRNA huingiza maelekezo tu: seli za msuli wa bega huyasoma, hutengeneza zenyewe protini ya kirusi cha UVIKO-19, kinga ya mwili huitambua protini hiyo na kuunda kingamwili, yaani chembe za kupambana na kirusi. Maelekezo hayo hayaingii kwenye kiini cha seli, vilimo vinasaba vyetu, na huvunjwavunjwa upesi. Wanasayansi Karikó na Weissman walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa msingi wa kazi hii.

Magoti yanayomuuma mama, tafadhali mpeleke hospitali yakapimwe. Nahofia mkiendelea kuisingizia chanjo, ugonjwa wenyewe utakomaa bila tiba.