Ukiipenda Roki ya Kwenu, Fika Kabla ya Bendi ya Kwanza

Kwa miaka mingi nimekuwa shabiki wa bendi za roki za nyumbani, zile ambazo wanamuziki wake hubeba spika wenyewe na kurejea kazini asubuhi inayofuata, na vijana wanaoanza kuupenda muziki huu huniuliza mara kwa mara wafanye nini ili bendi wanazozipenda zisife. Huwajibu kwamba wafike ukumbini kabla ya bendi ya kwanza kupanda jukwaani. Wengi hutarajia jibu kubwa zaidi, labda la kuanzisha kipindi cha redio au kutafuta wafadhili, lakini katika yote niliyoyashuhudia sijaona jambo linaloisaidia roki ya mahali popote kama hadhira inayowahi, inayolipa kiingilio na inayorudi tena.

Bendi inayofungua onyesho kwa kawaida ndiyo changa kuliko zote, na hupigia ukumbi ambao nusu yake ni viti vitupu. Mpiga gitaa bado anatazama vidole vyake, mwimbaji hajui aelekeze macho wapi wimbo unapokwisha, na mpiga ngoma anazidisha kasi kwa sababu ya wasiwasi. Watu kumi tu wakisogea mbele na kusikiliza kwa makini, hali hubadilika papo hapo. Nimeiona bendi ileile ikipiga wimbo uleule kwa woga mbele ya ukumbi mtupu, kisha kwa ujasiri, miezi michache baadaye, mbele ya mashabiki waliokwisha kuyajua maneno, na sina shaka kwamba mashabiki hao walichangia kama mazoezi yalivyochangia. Mwenye ukumbi naye anahesabu watu. Akiona mlango unapata wateja saa ya bendi kubwa tu, ataialika hiyo moja na kuziacha nyingine, na siku bendi hiyo itakapovunjika hakutakuwa na ya kushika nafasi yake.

Anayedhani hadhira ndogo haina maana na asome habari za Manchester, Uingereza, tarehe 4 Juni 1976. Howard Devoto na Pete Shelley, vijana waliokuwa wakiunda bendi yao ya Buzzcocks, walikuwa wamesafiri kwenda kuisikiliza bendi ya Sex Pistols ya London, wakavutiwa, wakaamua kuialika ipige katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall. Waliohudhuria walikuwa wachache, inakisiwa watu 40 hivi. Miongoni mwao walikuwamo Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baadaye walianzisha Joy Division, na Mark E. Smith, aliyeunda The Fall, pamoja na Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths. Umaarufu wao wa baadaye unajulikana na kila mtu. Mimi huguswa zaidi na Devoto na Shelley, mashabiki wawili walioona kwamba muziki walioupenda haujafika kwao, wakaenda kuutafuta na kuuleta.

Ukishafika mapema, una nafasi ya kuchagua pa kusimama, na jambo hilo lina uzito kuliko watu wengi wanavyofikiri. Katika ukumbi mdogo, sauti ya ngoma na ya amplifaya za gitaa huwafikia watu moja kwa moja kutoka jukwaani, na mara nyingi mwimbaji pekee ndiye anayetegemea spika kubwa za ukumbi. Ndiyo maana mtu aliyesimama mbele kabisa, akikabiliana na amplifaya ya gitaa, huondoka akilalamika kwamba hakusikia neno hata moja, huku aliyesimama karibu na meza ya fundi wa sauti akisikia kila kitu kwa uwiano, kwa kuwa fundi huyo hupanga sauti kwa kufuata masikio yake mwenyewe pale alipo. Mimi huzisikiliza nyimbo mbili tatu za kwanza nikiwa hapo, ndipo nikasogea mbele. Kama bendi huijui, nakushauri uanze kwa kulifuata gitaa la besi pamoja na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Vikigonga kwa pamoja, fahamu kwamba hao wamefanya mazoezi ya kutosha, hata kama sauti ya mwimbaji imekauka usiku huo. Vikipishana, hakuna mbwembwe za gitaa zitakazoweza kuuficha udhaifu huo.

Masikio nayo yalindwe, na hapa ninasisitiza kwa sababu uharibifu wake hauna tiba. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, kiwango ambacho onyesho la roki hukifikia kwa urahisi, hubaki dakika 15 tu. Vizibo vya kawaida vya sponji vinalinda, lakini hufifisha sauti nyembamba kuliko nzito, na hivyo matoazi na maneno ya mwimbaji husikika kana kwamba yanatoka chini ya blanketi. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, vyenye kichujio ndani, hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, na binafsi husikia maneno vizuri zaidi nikivivaa kuliko nikiwa sina kitu masikioni. Mlio unaobaki sikioni baada ya onyesho ni onyo, na shabiki anayetaka kuendelea kusikiliza uzeeni asiuzoee.

Kiingilio lipa, hata kama mpiga ngoma ni rafiki yako. Bendi ya nyumbani ikigawana mapato ya mlangoni na mwenye ukumbi, kila rafiki anayeomba kuingia bure anaipunguzia nauli ya kurudishia vyombo vyake. Wengine hujifariji kwamba watailipa bendi kwa kuisikiliza mtandaoni, nami huwaeleza kwamba tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wowote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika kipindi cha miezi 12, na nyimbo nyingi za bendi changa hazifikii idadi hiyo. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, kwa upande wake hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali pamoja na gharama za kupitisha malipo, na sehemu kubwa inayobaki humwendea msanii au lebo yake. Nunua albamu huko, au bora zaidi inunue palepale ukumbini, kwenye meza ya nyuma yenye fulana na diski.

Kisha tunza kumbukumbu, maana roki ya nyumbani hupotea upesi kuliko muziki wa kampuni kubwa. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, iliyoitwa Zamrock, ya bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family, zilizokuwa na magitaa yenye mkwaruzo mzito na kuimba kwa Kiingereza na kwa lugha za Zambia. Bei ya shaba ilipoanguka uchumi uliyumba, kumbi zikapungua, na UKIMWI ukaja kuwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Leo tunaweza kuwasikiliza kwa sababu wapo waliozihifadhi santuri za wakati ule, zikaja kutolewa upya baada ya miongo kadhaa, na Emmanuel 'Jagari' Chanda, mwimbaji wa WITCH, akarudi jukwaani. Mwaka 2023 bendi hiyo ilitoa albamu mpya, Zango. Kwa hiyo, usitupe bango la onyesho. Andika nyuma yake tarehe, majina ya wanamuziki na ala alizopiga kila mmoja, na mpangilio wa nyimbo kama unaukumbuka. Piga picha katika wimbo mmoja au miwili, kisha uiweke simu mfukoni, na ukifika nyumbani zipe picha hizo majina, kwa sababu picha ya mpiga besi asiyetajwa jina haitamsaidia mtu yeyote atakayeitafuta bendi hiyo miaka 20 ijayo.

Mwisho wa onyesho, wape wanamuziki muda wa kukunja nyaya na kushusha ngoma, halafu wafuate uzungumze nao. Kuwaambia kwamba walikuwa wazuri kunatosha kwa adabu, lakini kuwaambia kwamba ule mpito wa taratibu katikati ya wimbo wa tatu ulikusimamisha kunawapa kitu cha kurudi nacho mazoezini. Kama maneno hayakusikika, waambie hilo pia, kwa upole na bila kuzunguka, kwa kuwa aliye jukwaani hana njia ya kusikia kinachosikika ukumbini. Kisha waulize watapiga lini tena na bendi gani itawafungulia, ili uitafute bendi hiyo na kuisikiliza kabla ya siku yenyewe.