Kofia za felti za Kitaliano za zamani: shika kwanza, lebo utasoma baadaye

Mwaka wangu wa kwanza hapa Torino, Italia, nilipigwa euro 60 na kofia. Ndani imeandikwa Borsalino kwa dhahabu, kampuni ya kofia yenye jina kubwa, mi nimeona jina tu akili ikahama, nikalipa bila hata kuomba punguzo, mimi mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye kuchambua mitumba na sinunui hata fungu la nyanya bila kubishana. Wiki hiyohiyo nikanyeshewa natoka kazini, nafika nyumbani ukingo umeshuka mpaka masikioni kama uyoga na kofia yenyewe inanuka kondoo. Kumbe sufu ya bei chee, mtu kachukua mkanda wa ngozi wa kofia nyingine kashonea humo.

Sasa hivi ninazo kumi na moja, na nyingi nimezipata kwa bei chini ya hiyo ya kwanza, kwahiyo naomba nikuelekeze.

Kwanza felti yenyewe. Felti nzuri ya Kitaliano ni manyoya ya sungura, haifumwi wala haishonwi. Yale manyoya yanapulizwa juu ya koni kubwa mpaka yanakuwa kama gunia jepesi, afu inakuja kazi ya maji moto na mvuke na kusuguliwa, linanywea, linanywea tena, mpaka kile kidude kikubwa kinabaki saizi ya kichwa cha mtu. Ndo maana ni nyembamba lakini ngumu, na mvua ya kawaida haiisumbui. Ukipitisha kidole inateleza kama shavu la mtoto. Ya sufu ni nene, inakwaruza kidogo, na ukiibonyeza kichwani inarudi kwa uvivu au hairudi kabisa. Hicho kipimo cha kidole hakina tofauti na tunavyoshika shati la grade one kwenye beli, mkono unajua kabla ya jicho. Pale ningetumia mkono badala ya kusoma, euro 60 zangu zingekuwepo.

Pili inue kofia juu uangalie jua kupitia humo. Ukiona vitobo vidogo vya mwanga ujue nondo wameshakula, rudisha mezani hata kama rangi imekuua. Afu pindua ule mkanda wa ngozi wa ndani, uukunje taratibu. Ngozi iliyokauka inalia kama biskuti na ikishapasuka hakuna dawa, kuibadilisha inaweza kuwa gharama kuliko kofia. Hapa watu wengi wanakosea, wanaangalia nje imeng'aa, ndani imeoza.

Baada ya hapo ndo usome maandishi. Borsalino ilianzishwa 1857 na Giuseppe Borsalino mjini Alessandria, kutoka hapa Torino ni safari fupi tu ya treni, na wana makumbusho yao hukohuko. Ndani utakuta wameandika Grand Prix Paris 1900, basi wauzaji wengine wanakwambia kwa sura kavu kabisa "hii ni ya 1900". Hapana bwana, hiyo ni tuzo waliyopata kwenye maonyesho ya Paris, wakaendelea kuipiga muhuri kwenye kofia miaka na miaka. Ukikuta Borsalino "fu Lazzaro" usidhani ni feki, hilo "fu" ni marehemu, yani mtoto wa marehemu Lazzaro, ni ndugu wa ukoo huohuo aliyefungua kiwanda chake Alessandria hapohapo wakawa washindani, baadaye kampuni kubwa ikammeza. Mimi ninayo moja ya kijivu na siiuzi.

Ila usikwame kwenye jina moja. Barbisio za Sagliano Micca karibu na Biella, aisee, kwa mkono wangu baadhi zinaishinda Borsalino na bei iko chini kwasababu watalii hawalijui jina. Panizza nazo, za Ghiffa kule ziwa Maggiore. Na ukiona kofia yenye bonde moja katikati na ukingo uliokunjwa juu pande zote, Wataliano wanaiita lobbia, jina la mbunge Cristiano Lobbia. Mwaka 1869 alivamiwa usiku Firenze, kofia ikapigwa ikabonyea katikati, watengeneza kofia wakaona biashara, wakaanza kuziuza zimeshabonyea tayari 😂

Saizi ni sentimita, pima kichwa juu kidogo ya masikio. Mimi ni 59 na nateseka, nyingi ninazokutana nazo ni 55, 56. Usijidanganye kwamba utaipanua, itakuachia alama kwenye paji la uso na mwisho mshono wa mkanda unaachia. Ikiwa kubwa kidogo haina shida, kunja karatasi uweke nyuma ya mkanda.

Ukifika nayo nyumbani usiiweke na kofia zako nyingine. Mimi naifunga kwenye mfuko naitia kwenye friza wiki mbili ili mayai ya nondo yafe, mke wangu alilalamika mwanzoni akazoea. Afu brashi laini, na mvuke wa birika kidogo kurudisha umbo. Ila zile za zamani sana uwe na adabu nazo, manyoya yalikuwa yanapakwa dawa yenye zebaki ili yashikane na wale mafundi walikuwa wanaishia kutetemeka mikono, kwahiyo hizo usizipige mvuke chumba kimefungwa, na nawa mikono. Ikilowa usiweke juu ya hita, ngozi itanywea, toa ule mkanda nje kofia isimame juu yake ikauke yenyewe.

Na usitundike kwenye msumari jamani. Marehemu babu alikuwa na pama lake la kwendea misibani na harusini, kila jioni msumarini, mpaka nyuma likaota nundu kama la ng'ombe, na sisi wajukuu tulidhani ndo lilivyotengenezwa. Laza kichwa chini, ukingo juu.

Kwa mlioko huku, soko la Balon la vitu vya zamani hapa Torino lipo kila Jumamosi na ile Gran Balon kubwa ni Jumapili ya pili ya mwezi. Nenda mapema, wazee wa kofia saa mbili asubuhi washamaliza kuchagua. Na ukikuta Barbisio ya kahawia saizi 59 tafadhali nipigie kabla hujaiweka chini.